Kukodi gari lenye dereva kwa safari ya Desemba: kutoka Dar es Salaam hadi Rombo, na ndugu wote wa njiani

Huduma ninayoieleza hapa ni ya kukodi gari la familia aina ya Toyota Alphard pamoja na dereva wake, kwa safari ya kutoka Dar es Salaam kwenda Rombo, mkoani Kilimanjaro, kwenye kikao cha ukoo cha mwisho wa mwaka, tukipita kwa ndugu wanaoishi kandokando ya barabara hiyo. Kampuni yenyewe ni mojawapo ya zile ndogo zenye magari machache na ofisi ya chumba kimoja. Jina lake sitalitaja, kwa sababu dosari nitakazozieleza nimezisikia pia kwa watu waliokodi kwingine, na msomaji atafaidika zaidi akijua la kuuliza kuliko akijua pa kukwepa.

Anayekwenda Moshi moja kwa moja hana sababu ya kukodi gari. Basi la kutoka Kituo cha Magufuli pale Mbezi Luis linamfikisha siku hiyohiyo, na tangu mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023, mtu anaweza kufunga kazi jioni na kukuchiwa akiwa Himo. Treni ya TRC nayo ilirejea kwenye reli ya Moshi Desemba 2019, na kwa mwenye mizigo mingi na asiye na haraka ni usafiri mwema. Tatizo ni kwamba ukoo haukai mahali pamoja. Sisi tuna shangazi aliyeolewa Korogwe, dada yuko Lushoto, baba mdogo yuko Same, na kwa kuwa mama ni Mpare, mjomba yuko Mwanga. Ukimwondoa dada aliye mlimani, wote hao wako kwenye barabara ileile ya takribani kilomita 560, na wote wanaijua tarehe tutakayopita. Ukishuka Korogwe katika wiki ya Krismasi ili ukamsalimie shangazi, basi la kukuendeleza likiwa na nafasi ya watu sita halipo. Mtagawanywa, mmoja kiti cha nyuma kabisa, mwingine juu ya ndoo katikati ya njia. Na kupita mlangoni kwa mzee bila kuingia, kisha uonekane kwenye kikao ukiwa umeshiba na kupumzika, ni jambo litakalojadiliwa kwenye kikao hichohicho kabla hata ya ajenda ya mipaka ya kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo.

Kwa hiyo kipimo nilichokitumia kuitathmini huduma hii si mwendo wala ubaridi wa kiyoyozi. Nilitaka kujua inakuchukuliaje unapotaka kusimama.

Bei hupangwa kwa siku. Fedha unayolipa ofisini inahusu gari na dereva tu. Mafuta ni yako, na chakula na malazi ya dereva ni yako pia. Kuhusu mafuta, hesabu si ngumu. Gari la namna hii lenye injini ya lita 2.4, likiwa limejaa watu na mizigo, linakula kama lita 60 hadi 70 kwa upande mmoja, kisha unazidisha kwa bei elekezi ambayo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, huitangaza kila mwezi. Kinachouma ni siku za kusubiri. Ukishafika kijijini gari hukaa chini ya mparachichi likichafuliwa na ndege, huku wewe ukilipia siku nzima kwa bei ya siku ya safari. Niliomba punguzo kwa siku ambazo gari halitembei nikakubaliwa, ila baada ya kuomba. Kwenye karatasi ya bei punguzo hilo halikuwapo. Watu wa ukoo mmoja wanaokaa Dar wangeweza kukubaliana gari liwapeleke kundi la kwanza, lirudi kuchukua kundi la pili, na wote wakagawana gharama, lakini hilo linadai watu wanaopokea simu, na koo nyingi ninazozijua zinakwama hapo.

Gari lenyewe lilikuwa zima. Namba zake zilikuwa nyeupe, yaani limesajiliwa kwa biashara, jambo ambalo watu wengi hawaliangalii hadi trafiki awasimamishe wakiwa kwenye gari la namba za njano ambalo mwenyewe analikodisha kimyakimya. Bima ilikuwa kubwa na nilionyeshwa karatasi yake, stika ya usalama barabarani ilikuwa kwenye kioo, kizima moto kilikuwa hai, na tairi la akiba lilikuwa na upepo. Viti ni vya kifalme, mama alikaa safu ya pili akanyoosha magoti yake ambayo siku hizi hayataki basi. Kasoro iko nyuma. Tangazo linasema gari linabeba watu wanane, na kweli linabeba, lakini safu ya tatu ikishakaliwa nafasi ya mizigo inayobaki haitoshi hata masanduku mawili yaliyosimama. Sisi tulikuwa sita na bado tulibanana, kwa sababu safari ya kwenda kwa ndugu haina mizigo ya wasafiri peke yake. Kuna mchele wa shangazi, sukari, mafuta ya kula, vitenge vya wakina mama wa kule juu, na mablanketi ya mtu aliyeagiza tangu Julai. Gari halikuwa na keria ya kufungia mizigo juu. Anayekodi kwa shughuli kama yetu aulize habari ya keria kabla ya kuuliza habari ya kiyoyozi, ama ahesabu watu watano kwa kila Alphard, ama achukue Hiace na kuvumilia viti vigumu.

Kwa upande wa dereva sina la kulalamika, na ningekuwa na uwezo ningeitenganisha alama yake na ya ofisi yake. Ni mtu wa makamo, mkimya, anayeijua barabara ile kwa mashimo na kwa askari. Kwa kuwa tulitokea upande wa Tegeta, hakutupeleka kwenye foleni ya Kibaha, Mlandizi na Chalinze; alishika Bagamoyo akatokea Msata kwa kile kipande cha lami cha kilomita 64, na tukalivuka daraja jipya la Wami palipokuwa pamepambazuka vizuri. Waliopita Wami miaka ya nyuma wanalikumbuka lile daraja la mwaka 1959 lililopitisha gari moja tu kwa wakati, ambapo upande mmoja ulisubiri mwingine umalize. Vibao vya kilomita 50 kwa saa alivitii kabla ya kuvifikia, vijiji vyenye tochi za trafiki za kupimia mwendo alivitaja kwa majina, na faini ya shilingi 30,000 hatukuandikiwa hata mara moja, ingawa mkataba ulisema wazi kuwa faini ya mwendo ni juu ya dereva na wala isingetuhusu. Kila baada ya muda aliuliza kama kuna anayetaka kuchimba dawa, na alimwuliza mama kwa namna ambayo haikumfanya mama aone haya.

Korogwe ndiko nilikomwona vizuri. Madereva wengi wa kukodi ukiwaambia "tunaingia hapa mara moja" hubaki garini, wakashusha kiti na kuwasha redio, nawe ndani unakunywa chai huku sikio likiwa nje. Huyu alizima gari, akavua viatu mlangoni pamoja nasi, akamwamkia shangazi, "Shikamoo mama," naye shangazi akamjibu, "Marahaba baba, karibu, jisikie uko nyumbani," na sahani yake ikapakuliwa na zetu. Alikula, akashukuru, akatoka kukagua tairi, akatuachia nafasi ya kuzungumza mambo ya ndani. Muda wa kuondoka ulipofika, shangazi alileta mkungu wa ndizi, machungwa nusu gunia na jogoo mwekundu aliyekuwa amefungwa miguu. Mkataba unakataza wanyama hai ndani ya gari. Nilimtazama dereva. Akamtazama shangazi, akaona kuwa kukataa hakupo, akaomba boksi tupu, akalitoboa matundu kwa kisu kidogo, akatandika gazeti chini, akampunguzia jogoo kamba ya katani iliyokuwa imembana sana, kisha akalifunga boksi kwa kamba hiyohiyo na kuliweka miguuni pa safu ya mwisho. Jogoo alifika Rombo mzima na kiti hakikuwa na doa. Sijui ni kozi gani ya udereva inayofundisha hayo, lakini ndiyo huduma niliyokuwa nailipia.

Ofisi yake ni habari nyingine. Gari limefungwa kifaa cha kulifuatilia, na hilo sina ugomvi nalo, mali ni yao na wizi upo. Ila kila tulipokaa mahali zaidi ya nusu saa, simu ya dereva iliita. Yuko wapi, kwa nini amesimama, gari lina nini. Iliita Korogwe tukiwa mezani, ikaita Lushoto, ikaita Same usiku, ingawa ofisi ilikwishajulishwa kuwa tunalala kwa baba mdogo na kwamba gari liko ndani ya uzio wa gesti alikolala dereva. Mtu anayeulizwa hivyo mbele ya wenyeji hujisikia mwizi, na wenyeji huanza kuharakisha chakula wakidhani wanatuchelewesha. Kampuni inayokodisha gari kwa familia katika Desemba inapaswa kufahamu kwamba kusimama ndiyo safari.

Mzozo wenyewe ulikuja juu ya Lushoto. Kutoka Mombo kupanda Lushoto ni kilomita 33 za lami nyembamba yenye kona juu ya kona, na mtoto mmoja alitapika kabla ya kufika maporomoko ya Soni, jambo ambalo dereva alilitarajia kwa kuwa mfuko alikuwa nao tayari. Tulimwona dada, tukanunua matunda damu, tukashuka. Tulipofika Mwanga kwa mjomba, ofisi ilipiga kudai nyongeza ya aina mbili: moja kwa kuchepuka kwenda Lushoto, nyingine kwa "vituo vya ziada" njiani. Majina ya vituo vyote nilikuwa nimeyatuma kwa maandishi wiki mbili kabla, Lushoto likiwemo, na ofisi ilikuwa imeyakubali kwa maandishi na kunipa bei. Mjomba aliomba simu, akavaa miwani, akasoma ujumbe wote kuanzia juu hadi chini, akasema, "Usilipe, mwanangu. Haya ni mapatano kamili, hata baraza la kata litayasimamia." Wachagga wenzangu watanielewa nikisema kwamba sikushangaa ushauri huo kutolewa Mwanga, kwa Wapare, ambao utani wetu unasema hawaogopi kesi. Niliwarudishia ujumbe wao wenyewe. Nyongeza ya vituo waliifuta, ya Lushoto wakaing'ang'ania, na mwishoni niliilipa ili dereva asikatwe kwenye posho yake, maana ndicho walichokuwa wakimtishia.

Huko Rombo kwenyewe gari halikufaa sana. Barabara kubwa ya kutoka Marangu kupitia Mwika na Mkuu hadi Tarakea ni ya lami na haina shida, lakini njia za kuingia vihambani ni finyu, zina mwinuko, na mvua za vuli zikiwa bado zinadondoka udongo ule unateleza vibaya. Alphard iko chini na ina uzito. Dereva alijaribu mlima wa kwanza, akasikia tumbo la gari likigusa, akarudi nyuma taratibu akaliegesha karibu na duka, na tangu hapo mizigo na mama vilipanda kwa bodaboda na sisi wengine kwa miguu. Hakubishana na mlima, nami nilimheshimu kwa hilo. Ila gari linalotangazwa kuwa ni la "safari za nyumbani Kilimanjaro" lingepaswa kuwa na uwezo wa kufika nyumbani. Zipo Noah zinazovuta magurudumu manne, na kwa wale ambao migomba yao iko mbali na lami ningeshauri wazitafute hizo, hata kama viti vyake havimfanyi mtu asinzie.

Nyota ningetoa tatu kati ya tano kwa huduma nzima, na tano kwa dereva. Familia yenye mzee na watoto, yenye ndugu wasiopungua wawili au watatu njiani, na isiyozidi watu watano au sita, itapata thamani ya fedha yake, mradi orodha ya vituo iandikwe ndani ya mkataba wenyewe, pamoja na mahali pa kulala, bei ya siku za kusubiri, na maneno kwamba kusimama kwa ndugu hakuna malipo ya ziada. Magari huanza kuadimika Novemba, kwa hiyo ni vyema kuuliza mwanzoni mwa Oktoba. Kurudi nako kupangwe mapema: tarehe 2 na 3 Januari barabara hujaa kutoka Himo hadi Chalinze, na sisi tulirudi baadaye kidogo kwa sababu dereva mwenyewe alishauri hivyo. Wengi hukodi gari kwanza kisha wakapangiwa dereva asubuhi ya safari. Mwaka huu nimeiambia ofisi kwamba nikikosa dereva yuleyule sikodi, na bado nasubiri jibu lao.