Kitalu cha nailoni au cha neti: kipi kiwafae wageni wa bustani?

Katika bustani ya mjini Kampala au Entebbe, mvua kubwa hunyesha Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba. Paa la kitalu, yaani banda la mimea, lina kazi.

Kwa gharama, neti inashinda waziwazi: nguzo, waya na neti ya kivuli cha asilimia 50 hadi 70 vinatosha. Nailoni ya unene wa mikroni 200 (milimita 0.2) hudai fremu imara, na jua la ikweta huichakaza. Huanza kupasuka pale inapogusa bomba lililopata moto. Zungushia bomba utepe mweupe kabla ya kuivuta.

Joto ndilo linalofukuza wageni. Saa saba mchana, chini ya nailoni isiyo na tundu la paa, jasho hutiririka kabla mtu hajamaliza kusoma kibao cha kwanza. Chini ya neti hewa hupita, lakini mvua nayo hupenya: majani hupata madoa ya kuvu, njia hushika ukoga, watoto wakateleza.

Mwenye dungusi, ambazo huoza zikilowa mno, achague nailoni yenye pande za kukunjua. Mwenye okidi na kangaga, anayepokea wanafunzi mchana, atandaze kokoto njiani na afunge neti.