Uzi wa akriliki wa gramu 100: kwa mzula ndiyo, kwa soksi hapana

Ukifuma mizula na skafu za kuvaa kila siku, au za zawadi kwa watu wa Njombe na Lushoto baridi ya Juni ikianza, chukua akriliki ya unene wa kati, ile ambayo lebo yake inaonyesha sindano ya milimita 4. Donge moja linatosha mzula wa mtu mzima na kishada juu. Skafu ya sentimita 150 inakula mawili.

Uzi umesokotwa kwa ulegevu, kwa hiyo sindano yenye ncha kali huuchambua. Tumia yenye ncha butu kidogo. Lebo inasema vitanzi 22 kwa sentimita 10, lakini fuma kipande cha majaribio, maana mkono mlegevu hutoa mzula unaofunika macho. Kichwa cha sentimita 56 kinataka mzula wa 51 ili ushike: anza na vitanzi 112 kwenye sindano ya mviringo. Ukingo wa sentimita 5, viwili vya mbele na viwili vya nyuma, fuma kwa sindano ya 3.5. Ingia kwenye 4 na ufume wazi (upande wa nje uwe vitanzi vya mbele vitupu) hadi sentimita 14 kutoka chini, ongeza 5 kama ukingo utakunjwa. Hapo gawanya sehemu nane za vitanzi 14, unganisha viwili mwishoni mwa kila sehemu, mzunguko mmoja ndiyo, mmoja hapana. Vikibaki 16, unganisha viwili viwili, pitisha uzi kwenye vinane vilivyobaki, vuta na ufunge.

Skafu usiifume wazi, kingo zitajikunja, na usitegemee pasi kuzinyoosha. Tena pasi ndiyo adui mkubwa hapa: joto likizidi uzi hulegea, hung'aa kama plastiki na haurudi. Osha kwa maji ya vuguvugu, kausha ukiwa umetandazwa. Ukianikwa kwenye kamba huku umelowa, unarefuka.

Rangi ni nzuri na uzi hauwashi ngozi. Linganisha namba ya rangi na namba ya fungu lililotiwa rangi pamoja (dye lot) kwenye lebo za madonge yote kabla ya kulipa, la sivyo skafu itakuwa na mstari katikati. Vifundo navyo vimo ndani ya donge: likate fundo, unganisha pembeni.

Soksi achana nazo. Akriliki tupu hainyonyi jasho, na kisigino huota vipele vya nyuzi upesi. Tafuta sufu iliyochanganywa na nailoni.