Kuondoka Nairobi kwa mkono wa wakala: maoni yangu kuhusu huduma ya kuhamisha familia hadi Arusha

Mwaka jana, mwezi wa Agosti, nilimaliza miaka minne ya kufundisha Nairobi, na familia yetu ikaamua kurudi nyumbani Arusha. Kwa kuwa muda ulikuwa mfupi na nilikuwa bado na rundo la mitihani ya kusahihisha, tulimwajiri wakala wa uhamisho mwenye ofisi katikati ya jiji, ambaye tangazo lake liliahidi kushughulikia karatasi za uhamiaji, mambo ya kodi, orodha ya forodha na lori la kubeba vyombo. Tulilipa shilingi 64,000 za Kenya, nusu siku ya kutia saini na nusu siku ya kupakia. Jina la kampuni silitaji. Ninawapa nyota mbili kati ya tano, na zote mbili ni za wapakiaji na dereva.

Wapakiaji wale walifanya kazi ya kupigiwa mfano. Walilifungua kabati skrubu moja moja na kuzitia zote katika mfuko mmoja uliofungwa mlangoni mwake, wakavifunga vyombo vya udongo katika magazeti na mablanketi, na tulipofika Arusha hata kikombe kimoja hakikuwa na ufa. Shida yote ilikuwa katika karatasi, yaani katika kile hasa tulichokuwa tumelipia.

Kosa kubwa lilikuwa la mpangilio. Katika wiki ya kwanza wakala alinishauri niombe shule iandike barua ya kusitisha kibali changu cha kazi mara moja. “Mwalimu, tukimaliza hilo mapema, mengine yatajipanga,” aliniambia, nami nikamwamini kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake. Shule ikatii. Kibali kikakoma wiki tatu kabla ya safari, na kitambulisho changu cha mgeni, ambacho hutegemea kibali, kikabaki kadi tu. Ni kweli kwamba raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki huingia Kenya bila viza na anaweza kuruhusiwa kukaa hadi miezi 6, lakini ruhusa hiyo hugongwa katika pasipoti mtu anapoingia mpakani. Haimfuati mkazi ambaye kibali chake kimekoma akiwa ndani ya nchi. Kwa hiyo nilijikuta ninaishi katika nyumba ileile, ninasahihisha mitihani ileile, bila muhuri wowote unaosema kwa nini niko Kenya. Asubuhi mbili nzima zilipotea katika foleni za kurekebisha jambo hilo, huku wakala akijibu ujumbe wangu kwa neno moja, “kesho”. Mtu yeyote anayeifanya kazi hii kwa malipo anapaswa kujua kwamba barua ya kusitisha kibali hupangwa kulingana na tarehe ya safari, na kwamba tarehe ya safari hupangwa baada ya vyombo na lori kuwa tayari.

Kuhusu kodi nitasema machache. Ritani ya mwaka Kenya, yaani taarifa ya mapato na kodi, huwasilishwa kwa iTax, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya mapato, kufikia tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata, na aliyeajiriwa huijaza kwa kutumia fomu ya P9, inayoonyesha mshahara na kodi iliyokatwa, anayopewa na mwajiri. Anayeondoka katikati ya mwaka anahitaji kuondoka na P9 yake, au awe na uhakika wa kutumiwa. Wakala hakuitaja kabisa. Ni mhasibu wa shule aliyenikumbusha siku ya kuaga, akaniambia pia nisiifunge laini yangu ya simu ya Kenya, kwa kuwa namba za kuthibitisha kuingia katika eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, hutumwa kwenye simu uliyoiandikisha. Ushauri huo wa bure ulinifaa kuliko yote niliyoyalipia.

Tuliondoka Nairobi saa kumi na moja alfajiri, tukapita Kitengela na Kajiado, na kufika Namanga saa tatu asubuhi. Ni mwendo wa kilomita 165 hivi. Kituo cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa rasmi Desemba 2018, ninakisifu kwa moyo wote: anayetoka Kenya hasimami upande wa Kenya, bali huvuka moja kwa moja hadi jengo la Tanzania, ambako maafisa wa nchi zote mbili hukaa chini ya paa moja, mmoja akigonga muhuri wa kutoka na mwingine wa kuingia. Sisi wenyewe tungemaliza kwa nusu saa, kama si kadi ya chanjo ya mume wangu. Tanzania humtaka msafiri anayetoka Kenya, kuanzia mtoto wa mwaka mmoja, awe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na karatasi ya maelekezo tuliyopewa na wakala haikusema neno kuhusu hilo. Cheti cha mume wangu cha mwaka 2014 kilikuwa bado halali, kwa kuwa tangu tarehe 11 Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, lakini kilikuwa ndani ya mojawapo ya maboksi 31. Dereva, mzee mtulivu aliyekuwa ameyapanga maboksi kwa kumbukumbu yake mwenyewe, alipanda juu ya lori na kulileta boksi la vitabu na nyaraka bila kutuuliza mara mbili.

Kisha ikaja forodha. Orodha ya wakala ilikuwa na mstari mmoja: “vyombo vya nyumbani vilivyotumika, maboksi 31.” Afisa aliisoma, akaigeuza kuona kama nyuma pana kitu, akasema, “Pole sana dada, lakini hii siyo orodha.” Alitaka kila kitu kwa jina lake, idadi, hali yake na thamani ya kukadiria, pamoja na barua halisi ya mwajiri, ambayo wakala alikuwa ameiacha katika droo ya ofisi yake Nairobi. Picha yake ilitufikia kwa simu saa nane mchana. Wakati huo mimi na binti yangu tulikuwa tumekaa kwenye benchi tukiandika kwa mkono: jokofu moja, la miaka mitano, masufuria tisa, vitanda viwili, cherehani moja, iliyokuwa ya bibi yake. Tuliandika kurasa nne. Tulitoka Namanga jua likizama na kuipita Longido gizani, watoto wakiwa wamelala wakiegemea mabegi.

Nilipodai kurudishiwa fedha za sehemu ya karatasi, wakala alikubali baada ya wiki mbili na kunitumia shilingi 15,000. Katika ujumbe huohuo aliomba nakala ya orodha yetu ili awe anawapa wateja wengine kama mfano. Niliipiga picha kurasa zote nne nikamtumia, na nikamwandikia juu yake kwamba cheti cha homa ya manjano kitajwe kwanza.