Theatre of Blood (1973), uzoefu wangu: nyumbani kila mtu katoka na yake

Niseme mapema tusipotezeane muda, kama unataka muvi ya kukufanya uogope kwenda chooni usiku hii siyo. Theatre of Blood ni ya Uingereza, imetoka 1973, kaongoza Douglas Hickox, stelingi ni Vincent Price, na ni komedi humo humo ndani ya mauaji, yaani mtu anakatwa kichwa we unacheka afu unajishtukia, sasa mbona nacheka. Ndo maana watu hawaelewani kuhusu hii muvi. Nimeiangalia na watu wa nyumbani, mdogo wangu kasema ni ya wazee, dada hakutaka hata kumalizia, mjomba kacheka mpaka kikohozi kikamshika. Mi niko upande wa mjomba ila na mimi nina manung'uniko yangu.

Stori iko hivi. Kuna mwigizaji wa jukwaani anaitwa Edward Lionheart, kazi yake ni Shakespeare tu, hagusi kingine, na anavyojiona hakuna kama yeye London nzima. Wachambuzi wa magazetini wanamponda kila akipanda jukwaani, na mwaka ambao alishajihesabia tuzo ya mwigizaji bora wakampa kijana mwingine. Jamaa akawafuata huko huko ghorofani walikokuwa wamekusanyika, akakwapua ile sanamu ya tuzo, akatoka barazani akaghani maneno ya Hamlet, kuwa au kutokuwa, afu akajirusha mto Thames. Watu wote wakajua kafa. Kumbe kaopolewa na walevi wa kando ya mto, wale wanaokunywa spiriti, wamemfanya bosi wao, na baada ya miaka miwili anaanza kuwamaliza wale wachambuzi mmoja mmoja, kila mtu anakufa kifo kilichomo kwenye tamthilia za ule msimu wake wa mwisho waliouponda.

Hapo ndo utamu ulipo, na hapo ndo mdogo wangu alipoachwa. Maana anayeijua tamthilia anakaa anasubiri itafanyikaje, asiyeijua anaona tu mzee kavaa manyoya anapiga kelele. Sisi tuliosoma Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi alizotafsiri Mwalimu Nyerere tunaingia na mtaji kidogo. Wa kwanza kufa anapigiwa simu tarehe 15 Machi, siku ile ile aliyouawa Kaizari, aende kwenye jengo bovu akawatoe watu waliojikalia humo, mkewe ana wasiwasi hataki atoke, yeye anaenda, mi nishajua kwisha habari yake. Walevi wanamzunguka taratibu na visu na chupa zilizovunjika. Na yule wa Venisi sasa! Shailoki, yule mkopeshaji anayedai ratili ya nyama ya mtu, kwenye kitabu anashindwa pale mahakamani, tone la damu lisimwagike na kadhalika, lakini Lionheart mwisho huo hakuupenda, kwa hiyo kaubadilisha, Shailoki wake anachukua ratili yake ya nyama na anaichukua moyoni kabisa, anaweka kwenye mizani, ikizidi anapunguza. Mchambuzi mmoja, Devlin, akipata habari anasema ni Lionheart peke yake mwenye ubavu wa kumsahihisha Shakespeare. Mjomba alifundisha fasihi miaka mingi, hapo ndo kikohozi kilipoanza.

Ile ya kichwa ni usiku, mtu na mkewe wamelala. Lionheart na msaidizi wake wanaingia chumbani wamevaa kama madaktari wa upasuaji, wanawachoma wote wawili sindano ya usingizi, afu wanaanza kazi ya msumeno kwa utaratibu, hawana haraka, anapangusa jasho, anapokea kifaa, kama ile tamthilia ya hospitali ya kwenye tivii. Asubuhi mke anaamka anamsemesha mumewe. Kichwa chenyewe kinaenda kupatikana mlangoni kwa Devlin juu ya chupa ya maziwa. We unaweza kusema huo ni uchafu, wengine wamesema na siwalaumu, ila angalia uso wa Price wakati anakata, yuko siriasi kabisa, hacheki hata kidogo, na ndo kinachochekesha. Angekuwa anakonyeza kamera hii muvi ingekufa.

Dada yeye alikwama kwenye ile ya saluni. Yeye mwenyewe anatengeneza nywele. Mchambuzi pekee wa kike, Chloe Moon, anakuja saluni anakuta msusi mpya mwenye afro kubwa na miwani, anamsifia sifia, anamfunga rola kichwani, kumbe ni Lionheart na zile rola zina umeme. Dada akasema mteja mwenye akili lazima aulize huyu katoka wapi na yule niliyemzoea yuko wapi, mi nikamwambia dada hii ni muvi, akanyanyuka akaenda kupika. Ila kuna kitu nilimwambia akarudi kuchungulia: huyo mama anayechomwa ni Coral Browne, alikutana na Vincent Price kwenye kazi hii hii na wakaoana mwaka 1974. Mtu kakuunguza kichwa na ukaolewa naye.

Sasa ile ya pai. Mchambuzi Meredith Merridew, kacheza Robert Morley, mnene, mavazi ya rangi ya waridi, ana mbwa wawili wa manyoya anawaita watoto wake, anaingia nao kila mahali. Siku hiyo anarudi nyumbani anakuta taa, kamera, wapishi, anaambiwa uko kwenye kipindi cha tivii cha mapishi na tumekuandalia chakula spesho. Yeye kwa chakula hawezi kukataa. Anakula pai anasifia, anakula anasifia, afu anaanza kuuliza watoto wangu wako wapi. Mpishi anafunua chombo. Mi niliijua Titus Andronicus inaishaje, malkia analishwa wanawe, nilijua tangu alipofungua mdomo mara ya kwanza na bado nilishika kichwa. Wanamalizia kwa kumshindilia kwa faneli mpaka anakabwa. Hapa ndo ukimuuliza mtu ataipenda au ataichukia, ukiona hapa kanuna jua ndo basi tena.

Manung'uniko yangu. Kwanza ni ndefu, dakika 104, na imekaa kama foleni, mtu kaja, kafa, mwingine aje, ukifika wa tano ushajua mtindo. Polisi wamewekwa wawe wazubavu tu ili muvi isiishe mapema. Ile ya Othello ndo dhaifu kuliko zote, mchambuzi anajazwa wivu mpaka anamuua mkewe na yeye anaishia jela, haichekeshi, na yule mama hakuandika chochote kibaya kuhusu mtu. Huyo mume ni Jack Hawkins, hapo alishafanyiwa opereshini ya koo kwa ajili ya kansa, sauti unayoisikia ni ya mtu mwingine, na alifariki mwaka huo huo wa 1973, nikijua hivyo ile sini inaniwia nzito zaidi. Afu utani wa wanaume wanaojilegeza, kwa msusi na kwa huyo wa mbwa, umezeeka vibaya. Na damu, jamani, ni rangi kabisa, mdogo wangu aliyezoea grafiki za siku hizi alikuwa anaguna tu.

Kingine watu wanasema ni kopi ya The Abominable Dr. Phibes, ya 1971, Price huyo huyo, anaua vile vile kwa listi, kule ni mapigo ya Misri. Kufanana kweli zinafanana, ila kule jamaa ni kama mdoli, huku ana mdomo. Hii imepigwa London yenyewe mitaani na kwenye majengo ya kweli, lile jumba bovu la maonyesho anamojificha Lionheart lilikuwa ukumbi wa kweli kule Putney na baadaye ukabomolewa, kwa hiyo vumbi unaloliona ni vumbi. Na muziki wa Michael J. Lewis ni mtamu wa kimapenzi, unapigwa juu ya maiti, ukiusikiliza bila picha hutajua kuna mtu anakufa.

Diana Rigg nisimsahau, anacheza Edwina binti wa Lionheart, vijana mnamjua kama yule bibi mwenye ulimi wa Game of Thrones. Hapa ni binti wa kisasa anayesema baba yangu mlimuua nyinyi. Muvi ina siri kuhusu yeye ambayo mdogo wangu aliitambua mapema sana, sitaisema, ila usitegemee kushangaa.

Ubishi wetu mkubwa lakini ulikuwa mwingine kabisa: huyu Lionheart ni mwigizaji mzuri au wachambuzi walikuwa sahihi? Mdogo wangu anasema walikuwa sahihi, mtu anapayuka, mikono hewani, macho yamemtoka, ningemponda na mimi. Mjomba anasema muwe makini, huyo ni mwigizaji mzuri anayecheza mwigizaji mbaya, na hiyo kazi ni ngumu kuliko kucheza vizuri. Na uangalie nani wanacheza wachambuzi, Michael Hordern, Harry Andrews, Robert Morley, watu walioishi jukwaani na kupondwa magazetini maisha yao yote, sasa wamepewa nafasi ya kuwa wenye kalamu na kufa vibaya, unaona kabisa wanafurahia.

Mi kwenye ubishi huo nilikuwa upande wa mdogo wangu mpaka mwishoni. Tahadhari, hapa nasema kinachotokea. Jumba linawaka moto, Lionheart yuko juu ya paa kambeba binti yake kakata roho, anasema yale ya mfalme Lear akiwa kambeba maiti ya bintiye Cordelia. Hapo kelele zimepungua, hana tena mtu wa kumwonyesha, na anaghani vizuri jamani, vizuri kweli, mjomba alinyamaza na mdogo wangu aliacha simu. Afu paa linaporomoka naye. Chini Devlin, ambaye nusura atobolewe macho na visu vya moto, anasimama anatazama moshi na bado anatoa uchambuzi, kwamba kazidisha kama kawaida yake ila mkubali kutoka jukwaani anajua. Mdogo wangu kapiga makofi kwa Devlin. Mi nilimwona Devlin mshenzi, mtu kafa na mwanawe umesimama unatoa maksi.

Maksi zangu ni nne kwa tano, moja nimekata kwa ajili ya Othello na polisi. Dada hakutoa, alituita tule na akakataza mtu kutaja pai mezani.