Kony 2012 au redio ya Gulu: ipi ilisaidia zaidi kuwarudisha nyumbani waasi wa Uganda?

Machi 2012, Invisible Children, shirika la Marekani, lilitoa Kony 2012, video ya nusu saa kumhusu Joseph Kony, kiongozi wa LRA, kundi la waasi lililoanzia kaskazini mwa Uganda. Ndani ya wiki moja ilikuwa imetazamwa zaidi ya mara milioni 100. Wabunge wa Marekani wakasikia. Lakini LRA ilikuwa imeshahama Uganda tangu 2006 hivi, ikivizia vijiji vya Kongo na Afrika ya Kati. Video ilipooneshwa Lira, mji wa kaskazini mwa Uganda, watu waliochomewa nyumba na kuporwa watoto walikasirika, mawe yakarushwa. Nani angependa kuona sura ya Kony kwenye fulana za kampeni?

Redio Mega ya Gulu, mji mwingine wa kaskazini, ilizungumza na wapiganaji wenyewe, kwa Kiacholi, lugha ya huko. Waliotoroka walisimulia studioni, na kina mama wakawaita watoto wao warudi. Sheria ya 2000 ya kuwasamehe waasi wanaojisalimisha iliupa mwito huo uzito.

Mimi naipa redio kura yangu. Ila tusilionee shirika: nalo lilidondosha vipeperushi porini na kuweka redio za mawasiliano za kutahadharisha vijiji vya Kongo. Kazi hiyo haikupata watazamaji milioni 100.