Subaru ya turbo: pampu kubwa ya petroli au nozeli kubwa (zinazonyunyiza petroli kwenye injini)?

Kwa unafuu wa bei pampu inashinda, ya Walbro ya lita 255 kwa saa fundi anaitumbukiza kwenye tenki siku hiyohiyo, ila jamani haiongezi nguvu yenyewe, inazuia tu presha ya petroli isidondoke turbo ikikolea, maana ikidondoka hapo ndo pistoni zinapasuka. Nozeli ni nne, halafu lazima kontroboksi (kompyuta ya injini) ituniwe, mi niliwahi kufunga bila kutuni, plagi zikatoka nyeusi kama masizi ya sufuria na oili inanuka petroli!

Matunzo? Nozeli hazitaki mafuta machafu, pampu haitaki tenki la mafuta kidogo kidogo, petroli ndo inaipooza.

Turbo bado ya kiwandani na pampu imechoka, anza na pampu. Ushafunga turbo kubwa, andaa hela ya vyote viwili.