Programu ya kufuta machapisho ya zamani: nyota tatu

Nimeitumia wiki mbili. Unairuhusu iingie kwenye akaunti yako ya mtandao wa kijamii, unaandika mwaka au neno, nayo inakuletea kila ulichowahi kubandika. Kwangu ilichimbua maandishi 4,312. Moja la 2011, saa nane usiku, nikimcheka mwanafunzi mwenzangu mwenye kigugumizi aliyeitwa kusoma mbele ya darasa. Nililisoma mara tatu nikaona haya, peke yangu chumbani.

Kufuta ni rahisi mno: weka alama, bonyeza, kwisha. Kwa kasi sina neno. Ila haifikii picha za skrini walizohifadhi wengine, na hilo wameliandika kwa herufi ndogo chini kabisa. Wala haigusi matokeo ya utafutaji. Ulaya unaweza kuomba viungo viondolewe, tangu hukumu ya Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya dhidi ya Google, Mei 2014, lakini hiyo ni njia nyingine.

Kinachonikera ni tangazo lao: "Futa kabla hawajakufuta," yaani kabla watu hawajayafukua ya zamani wakakuaibisha na kukususia. Hao ni akina nani? Mimi nimo. Mwaka juzi nilisambaza kauli ya zamani ya mwanasiasa mmoja aliyekwisha kuomba radhi. Ile radhi sikuisambaza, haikuwa tamu.

Lile la 2011 sikulifuta mara moja. Nilimtafuta mwenyewe kwanza. Akajibu baada ya siku nne: "Yalishaisha hayo, ndugu yangu. Lakini lifute." Nikalifuta.

Nyota mbili nimezikata kwa zile herufi ndogo na kwa tangazo.